Kope zinadondoka jioni? Si kurogwa, kapime damu

Wadau, huku kwetu Mugeta kope zikimdondoka mtu kila jioni, nasikia: "Huyo karogwa!" Jamani, kuna ugonjwa unaitwa miastenia gravisi. Kingamwili, askari wa mwili, zinageuka na kushambulia vipokezi vya asetilikolini, pale neva inapoupa msuli amri. Msuli unachoka haraka, ukipumzika unapata nguvu.

Kipimo cha damu kinazitafuta kingamwili hizo. Waliodhoofika mwili mzima, kama 85 kati ya 100 wanazo. Wa macho tu, karibu nusu. Wengine wana za MuSK, zilizogunduliwa mwaka 2001. Kwa hiyo majibu hasi hayamaanishi huumwi. Msuli nao unapimwa kwa umeme.

Kumeza au kupumua kukiwa shida, usingoje mganga: wahi hospitali!

Nawasilisha.