Herufi ũ, itereta, na jina lililokatika

Juzi hapa Isiolo nilimwandikia mwenye duka la dawa za mifugo programu ndogo ya C++ ya kuchapa kadi za wateja. Sehemu ya jina ilikuwa finyu, kwa hiyo nikakata kila jina baada ya herufi 6. Wiki nzima mambo yalikwenda sawa, maana majina ya Waborana na Wasomali huandikwa kwa herufi za kawaida za kibodi. Kisha akaja mzee Mmeru aliyetaka jina lake liandikwe sawasawa: Mũriũki. Kadi ikatoka na "Mũri" na alama ya kuuliza.

"Kijana, hili si jina langu," akaniambia. Alikuwa na haki.

Kosa ni langu, lakini lina historia. ASCII, iliyotoka Marekani mwaka 1963, ilikuwa na nafasi 128 tu, na ũ haimo. Herufi moja ilikaa ndani ya baiti moja, watu wakazoea. Mwaka 1994 kamati ya C++ ikakubali maktaba ya Alexander Stepanov na Meng Lee, ambayo msingi wake ni itereta: kitu mfano wa kidole kinachopita juu ya data hatua kwa hatua, bila kujali imehifadhiwaje. Binafsi naona ni moja ya mawazo mazuri kabisa katika fani yetu. Algorithimu ya kupanga au kutafuta unaiandika mara moja, inafaa kila mahali. Ila kwenye std::string kidole hicho hupiga hatua ya baiti moja moja.

Na tayari mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walikuwa wamebuni UTF-8, ambamo ũ huchukua baiti 2: C5 na A9. Hesabu mwenyewe: Mũriũki ni herufi 7, baiti 9. Baiti ya 6 ni nusu ya kwanza ya ũ ya pili! Hapo ndipo nilipomkata mzee wa watu.

Thompson na Pike hao hao, pamoja na Robert Griesemer, walitoa Go mwaka 2009, na humo range hupita juu ya maandishi ikiruka baiti zote za ũ kwa mara moja. Rust (toleo 1.0, 2015) inakulazimisha uchague: chars() au bytes(). Lakini usishangilie mapema. ũ inaweza pia kuandikwa kama u ikifuatwa na alama yake ya juu peke yake, U+0303, na hapo chars() itakupa vitu viwili. Swift, iliyotangazwa 2014, ndiyo iliyoamua kuhesabu kama jicho la msomaji linavyoona.

Mimi nimebaki na C++. Kukata sasa kunafanywa na BreakIterator ya maktaba ya ICU, na maandishi nimeyapunguza kidogo ili nafasi ziwe 8. Mzee alikuja jana kuchukua kadi yake. Aliisoma mara mbili, akaitia mfukoni.