Kukoleza Rangi ya Sehemu ya Picha: Ilianzia Wapi?

Leo tuongee kuhusu kukoleza rangi, si ya picha nzima bali ya sehemu moja tu.

Kompyuta huonyesha kila nukta ya picha kwa namba tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kukoleza rangi ya shati kwa kubadilisha namba hizo moja moja ni kazi ya kuchosha. Mwaka 1978, Mmarekani Alvy Ray Smith alichapisha hesabu za kuzigeuza ziwe tatu nyingine: aina ya rangi, ukolevu na mwangaza, karibu na jinsi mchoraji anavyochanganya rangi zake. Ukolevu ukawa namba moja tu.

Photoshop ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ilitoka 1990. GIMP, ambayo ni ya bure, ikafuata 1996. Unazungushia sehemu unayotaka, unakoleza, kwingine kunabaki vilevile.

Novemba 1997 watalii 58 waliuawa kwenye hekalu la Hatshepsut huko Luxor, Misri. Gazeti la Blick la Uswisi likachapisha picha ya hapo, dimbwi la maji likiwa limetiwa wekundu, likaonekana kama damu. Mauaji yalikuwa ya kweli. Damu ile haikuwa.

Mpaka wangu ni huu: koleza rangi iliyokuwepo, usilete ambayo kamera haikuiona. Hesabu yenyewe inatukumbusha. Nukta ya kijivu ina ukolevu sifuri. Uzidishe mara kumi, bado ni sifuri. Wekundu ukitokea hapo, jua kuna mtu aliyeuleta.