Filamu za Sebule za Paris, Zikitazamwa Kutoka Nyarugusu

Mtu wa Nyarugusu, penye machimbo ya dhahabu, hahitaji kuelezwa kwamba nyuma ya pambo kuna watu. Anajua duara, yaani shimo la mgodi, linavyochimbwa, mawe yanavyovutwa juu kwa kamba, karasha linavyoyasaga na zebaki inavyokamata chembe za dhahabu pale mwaloni. Ndiyo maana, akiona kwenye filamu mabibi wa Ulaya wa zamani waliosheheni vito shingoni, ana haki ya kuuliza: nani alivichimba? Kwa swali hilo nazipitia filamu za wakubwa wa Ufaransa.

Filamu ya vito na wakubwa iliyotufikia zaidi haikutengenezwa Ufaransa. Ni Titanic ya 1997. Vibanda vya video vilikuwa vimeshatuzoesha kuangalia filamu za kigeni huku msimulizi kama Lufufu akizieleza kwa Kiswahili, na hadithi hii ya mapenzi na mali ilipokelewa kwa hamu kubwa. Almasi ya buluu inayotafutwa humo ni ya kubuni, lakini hadithi inasema iliwahi kuwa ya Louis XVI, mfalme aliyekatwa kichwa Paris mwaka 1793. Hapo tayari tumeingia katika ulimwengu wa sebule za Paris, walimokutana wasanii na waandishi kwa mwaliko wa mabibi wakubwa.

Madame de Rambouillet ndiye anayetajwa kuzianzisha katika karne ya 17. Karne iliyofuata, Madame Geoffrin alikuwa akikaribisha wasanii Jumatatu na waandishi Jumatano. Wanawake walikuwa wamefungiwa milango ya vyuo vikuu, lakini sebuleni mwao ndio walioamua nani aingie, nini kijadiliwe, na kitabu gani kisifiwe mjini kesho yake. Sifa hiyo wanastahili kupewa, na filamu nyingi zinawanyima kwa kuwafanya wambeya tu.

Dangerous Liaisons ya 1988, iliyotokana na riwaya ya Laclos ya 1782, inaanza na bibi akivishwa na watumishi wake, vazi juu ya vazi. Ilipata Oscar 3, zikiwamo za mavazi na mandhari. Marie Antoinette ya 2006 ilipigwa ndani ya kasri lenyewe la Versailles. Zote mbili zinapendeza macho, na macho yakishiba mtazamaji husahau kuuliza. Mimi naipenda zaidi Ridicule ya 1996. Humo mhandisi kijana anakwenda Versailles kuomba msaada wa kukausha mabwawa ya kwao, kwa sababu wakulima wanakufa kwa maradhi. Anakuta kwamba hasikilizwi mtu asiyejua kuchekesha wakubwa. Ni filamu adimu: mavazi ni yaleyale, ila tangu mwanzo tumeonyeshwa nani anayeumia.

The Affair of the Necklace ya 2001 ilikuwa na nafasi nzuri kuliko zote. Inasimulia kashfa ya 1785, pale mkufu wa almasi 647 ulipoibwa kwa kutumia jina la malkia Marie Antoinette. Wezi wamo, kadinali yumo, malkia yumo. Almasi za zama hizo zilitoka India na Brazil, na kule Brazil zilichimbwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Hao hawamo.

Nasi tulikuwemo katika utajiri ule. Mwaka 1776, mwaka uleule alipofariki Julie de Lespinasse, mwenye sebule mashuhuri ya Paris, Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piastre 20. Walikusudiwa kupelekwa Isle de France, yaani Mauritius ya leo. Jirani yake, kisiwa cha Bourbon, ndiko ilikolimwa kahawa iliyouzwa Ufaransa. Chevalier ya 2022 imekaribia jambo hili, kwa kuwa shujaa wake, mpiga fidla Joseph Bologne, alizaliwa Guadeloupe na mama mtumwa, Nanon. Lakini hiyo ni Karibi. Filamu ya mkataba wa Kilwa bado naisubiri.

Na ipo hadithi nyingine ya hapa kwetu inayosubiri filamu. Oktoba 1947, katika mgodi wa Williamson huko Mwadui, Shinyanga, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5. Williamson, mwenye mgodi, alimzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza aliyeolewa Novemba mwaka huohuo na baadaye akawa malkia. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya ua la almasi la kuvaa kifuani. Malkia alilivaa mwaka 1981, siku mwanawe Charles alipomwoa Diana, dunia nzima ikitazama kwenye televisheni. Atakayeandika filamu ya almasi hiyo namwomba aanzie Mwadui, kwa wafanyakazi waliokuwa zamu Oktoba ile, awape majina, familia na maneno ya kusema kabla kamera haijafika London.