Nguvu za Mwendo wa Pole

Katika historia ya vyombo vya useremala, kimoja kimenifikirisha zaidi ya vingine, nacho ni kipunguza kasi.

Mwaka 1947 mashine ya Shopsmith ilianza kuuzwa Marekani. Aliyeibuni ni Hans Goldschmidt, Mjerumani aliyehamia California. Vita vilikuwa vimekwisha, nyumba mpya zilijengwa kwa wingi, na fundi wa nyumbani hakuwa na nafasi ya kuweka mashine tano. Goldschmidt alimpa moja tu: mota ile ile iliendesha msumeno wa meza, keezo, kekee ya wima, kekee ya ulalo na kisahani cha msasa. Katika miaka ya 1950 likaja toleo la Mark 5. Hapo fundi aliweza kubadili kasi kwa kuzungusha kitasa, toka mizunguko 700 hadi 5,200 kwa dakika.

Lakini mtumishi wa wengi hawezi kumridhisha kila mmoja. Msumeno wataka mbio. Bakuli pana halitaki. Tupige hesabu, msomaji. Gogo la upana wa sentimita 40 likizunguka mara 700 kwa dakika, ukingo wake hukimbia kilomita 53 kwa saa. Kama lina ufa, au halijasawazika, likachomoka, litampata fundi usoni.

Ndipo kinapofaa kipunguza kasi, ambacho hufungwa baina ya mota na kazi. Kikipunguza mara 7, mizunguko 700 huwa 100, na ukingo ule huenda kilomita saba na nusu kwa saa, kama mtu aliyechelewa basi.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na wengi wetu huishia hapo. Lakini kasi iliyopunguzwa haikupotea bure. Imegeuka kuwa nguvu za kusokota, karibu mara 7 ya zile za awali. Kekee iliyokuwa ikiungua juu ya chuma sasa hukila taratibu. Na fundi atakayeacha mkono wa shati ukaribie, kwa kudhani mashine imekuwa mpole, atavutwa nayo bila mota kusita hata kidogo.

Kwa sababu hiyo mimi huwaheshimu sana watu wa mwendo wa pole, wala siwachezei.