Mwalimu na Chombo cha Kazi Yake: Habari za Vifaa vya Masomo katika Nchi ya Shinyanga na Geita



Katika siku za jubilei ni desturi kuhesabu makanisa yaliyojengwa, Wakristo waliobatizwa, na mapadre waliopewa daraja takatifu. Ni desturi njema. Walakini karibu na makanisa ya kale ya nchi hii palikuwa na shule, na katika kila shule alikuwako mwalimu aliyejiuliza jioni: Kesho nitawafundisha kwa kitu gani? Habari za swali hilo ndizo tutakazozisimulia hapa, kwani halijaisha hata leo, na linawabana zaidi walimu wa shule za sekondari, ambao masomo yao ni mengi na vitabu vyao ni vya thamani kubwa.

MWANZO WA KITABU KUSINI MWA ZIWA

Mapadre Weupe walipita Kageye, kando ya Ziwa Nyanza, katika safari yao ya kwanza ya kwenda Uganda, iliyoanza mwaka 1878. Mwaka 1883 wakaweka misioni Bukumbi, na kutoka huko Injili ikaenea Usukuma. Siku zile kila kitabu na kila kibao cha kuandikia kilitoka pwani juu ya vichwa vya wapagazi, safari ya miezi. Mzigo ukipotea njiani, darasa limepotea.

Hapa imetupasa kumtaja kwa heshima mtu asiyekuwa wa kanisa letu, naye ni Alexander Mackay wa misioni ya Waanglikana. Mwaka 1887, alipoondoshwa Uganda, alikaa Usambiro, kusini mwa Ziwa. Hakungoja vitabu kutoka Ulaya. Alitengeneza herufi za chapa kwa mikono yake mwenyewe, akapiga chapa sehemu za Injili kwa Kiganda, zikapelekwa kwa wasomaji wa Uganda. Akafa huko huko Usambiro mwezi wa Februari 1890. Basi nchi yetu ilikuwa na mtambo wa chapa kabla ya kuwa na barabara ya gari, na mwenye mtambo huo alikuwa mwalimu aliyejitengenezea chombo chake.

ZAMANI ZA WAINGEREZA

Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 serikali ya Waingereza ilianza kushughulika na vitabu vya shule. Januari 1923 idara yake ya elimu ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo kila mwezi. Ndani yake mlikuwa na hadithi, habari za nchi nyingine, mafundisho ya kilimo na ya afya, na barua za wasomaji. Mwalimu wa kijijini aliyepata nakala moja aliweza kuisoma mbele ya darasa zima, na toleo moja likamtosha siku nyingi.

Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, ukachagua Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu; na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Faida yake ni dhahiri: kitabu kimoja kiliweza kusomwa katika nchi nne, na gharama ya chapa ikapungua. Katika miaka hiyo walimu walipata vitabu kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, vilivyofasiriwa na kuchapwa mwaka 1929. Walakini kwa mtoto wa Kisukuma Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya kujifunza kwanza, tena kitabu kilimwambia habari za bahari na merikebu ambazo hakupata kuziona. Mwalimu mwema alisimama kati ya mtoto na kitabu, akamfafanulia bahari kwa mfano wa Ziwa, na merikebu kwa mfano wa mtumbwi.

Mwaka 1948 serikali za Afrika Mashariki zilianzisha shirika la kutunga na kuchapa vitabu, lililojulikana kwa jina la East African Literature Bureau. Kwa upande wa Kanisa, mtambo wa chapa wa Kipalapala karibu na Tabora ulitoa vitabu kwa misioni nyingi.

Mwaka 1950 Maswa ilitengwa kuwa eneo la utume la peke yake, na mwaka 1956 ikaitwa Jimbo la Shinyanga, chini ya Askofu Edward McGurkin wa Shirika la Maryknoll. Geita ilipata jimbo lake mwaka 1984.

MIZANI YA PAMBA

Katika miaka ya 1950 zilikuwako shule za kati, yaani darasa la tano hadi la nane, na humo watoto walijifunza pamoja na jembe. Shamba lilikuwa kitabu. Wakati huo huo jambo kubwa lilitokea katika Usukuma. Wakulima wa pamba waliona kwamba wanapunjwa kwenye mizani za wafanya biashara. Wakaweka watu wao wenyewe wajuao kusoma mizani, wakiangalia kila gunia linapopimwa. Kutokana na juhudi hizo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mkuu.

Wasomaji, litazameni jambo hili vizuri. Wale waliosoma mizani walikuwa wamefundishwa hesabu na mtu fulani, katika banda fulani, kwa mawe na vijiti na ubao uliopakwa masizi. Somo lile lilibadili bei ya jasho la baba zao. Hapo ndipo inapoonekana kwamba kifaa cha masomo si pambo la shule. Mtoto akikikosa, ipo siku atalipa kwa mali yake au kwa mwili wake.

MWALIMU KAMBARAGE NA MIAKA YA UHURU

Katika mji wa Shinyanga iko kata iitwayo Kambarage, na uwanja wa michezo wa jina hilo hilo. Vijana wengi hulitaja jina bila kukumbuka kwamba Julius Kambarage Nyerere alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa kiongozi wa nchi. Alifundisha Tabora katika shule ya Mapadre Weupe ya Mtakatifu Maria tangu mwaka 1946 hadi 1949, kisha Pugu. Tena, alipokuwa na kazi nyingi za uongozi, alifasiri kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, ukachapwa mwaka 1963. Kitabu hakikuwako katika lugha ya watu wake, naye akakaa chini akakiandika.

Mwaka 1967 alitoa maandishi ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isitengane na maisha ya watu. Mwaka uliofuata ukaanza mradi wa kisomo cha watu wazima, wenye makao yake Mwanza, uliosaidiwa na UNESCO, katika mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo. Vitabu vyake vilifundisha kusoma kwa habari za pamba, ng'ombe, migomba na uvuvi. Mtu alijifunza herufi kwa maneno ya kazi yake mwenyewe. Mwaka 1975 ikaanzishwa Taasisi ya Elimu, ambayo leo ni Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye kazi ya kutunga mitaala na vitabu vya shule.

Tangu mwaka 2004 serikali ilipanua elimu ya sekondari, na shule za kata zikajengwa kwa wingi. Tunamshukuru Mungu kwa milango hiyo. Lakini majengo yaliwatangulia vitabu na maabara. Tena mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta masomo kwa Kiingereza, hata kitabu kikiwapo mkononi mwake kikawa kama sanduku lililofungwa. Mwalimu wa leo anatafuta vitu viwili pamoja: kitabu, na ufunguo wa kitabu.

HAZINA ILIYO CHINI YA MIGUU

Ufunguo huo mara nyingi uko karibu. Tutataja mifano michache.

Mwalimu wa sayansi aliye Geita ana dhahabu. Dhahabu ina uzito wa mara 19 na zaidi kuliko maji ya kiasi kile kile, na mchanga wa kawaida mara 2 na nusu hivi. Mwanafunzi akilijua hilo, ataeleza mwenyewe kwa nini karai likitikiswa majini mchanga huchukuliwa na maji na dhahabu hubaki chini. Tena liko somo la zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kukamata dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake ni sumu ya ubongo na ya figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Ndiyo sababu mataifa yalifanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013. Zebaki yenyewe isiletwe darasani kamwe. Maneno, picha na ubao vyatosha. Wako wanafunzi wetu ambao baba zao na kaka zao huichoma nyuma ya nyumba, na somo hili laweza kuokoa jamaa nzima.

Mwalimu wa jiografia aliye Shinyanga ana Mwadui, ambako John Williamson aligundua mwamba wa almasi mwaka 1940. Anayo pia ngitili, yaani malisho yanayotengwa na wenyeji yapate kuota tena. Miti ilikuwa imefyekwa sana, kwa ajili ya vita na mbung'o na kwa ajili ya mashamba, hata nchi ikakauka. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofuata desturi hiyo ya wazee, na ngitili zikaongezeka kutoka hekta 600 hivi zilizokuwa zimeandikwa hadi zaidi ya hekta 300,000. Mwanafunzi akimhoji babu yake na kuipima ngitili kwa hatua, amesoma jiografia, historia na hesabu kwa siku moja.

Mwalimu wa historia anayo Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padre David Clement alikusanya vyombo, ngoma na habari za Wasukuma, hata pakawa nyumba ya makumbusho.

MAMBO YA KUFANYA

Hata hivyo tusijidanganye. Mtihani wa taifa hauulizi habari za ngitili peke yake, na mtoto asiye na kitabu hawezi kushindana na mwenye nacho. Jiwe la Geita halichukui mahali pa kitabu cha kemia. Humsaidia mtoto kukifahamu. Basi vyote viwili vitafutwe.

Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao, navyo vyasomeka bila malipo. Tangu mwaka 2013 liko pia shirika la Shule Direct, linalotoa masomo ya sekondari kwa njia ya mtandao. Huduma za Maktaba, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, zina maktaba katika mikoa. Lakini shule isiyo na umeme wala kompyuta haifikiwi na vitu hivi kwa urahisi. Hapo parokia yaweza kuwa daraja. Penye umeme na mtandao katika nyumba ya parokia, mwalimu akaribishwe apakue sura anayoihitaji na kuipiga chapa. Liwekwe kabati moja la vitabu, lenye daftari la kuazima na mtu wa kulitunza. Walimu wa somo moja katika shule jirani wakutane mara moja kwa muhula, kila mmoja alete somo moja lililofaulu, wengine walinakili. Na wazee wajuao historia ya mahali waandikiwe maneno yao wakali hai, kwani mzee akifa bila kuandikiwa, kitabu kimezikwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Wapagazi wa Bukumbi walibeba mzigo wa vitabu siku kwa siku, kambi kwa kambi. Sisi tumebakiziwa sehemu iliyo fupi zaidi ya njia, ile ya kutoka kabati la parokia hadi dawati la mtoto. Mungu awabariki walimu wetu, awatie nguvu wazazi, na awape watoto wetu macho ya kuona na mioyo ya kufahamu. Amina.