Mpaka Uliowavuka Watu: Kihispania katika Majimbo Manne ya Marekani

Majimbo ya Marekani yanayopakana na Meksiko ni manne: California, Arizona, New Mexico na Texas. Mpaka wenyewe una urefu wa takriban kilomita 3,145, na zaidi ya nusu yake ni wa Texas peke yake, ambako hufuata mkondo wa mto Rio Grande. Kihispania kinachosikika masokoni na mahakamani katika majimbo hayo huelezwa mara nyingi kuwa ni lugha ya wageni, iliyoingia pamoja na vibarua wa karne ya 20. Maelezo hayo yana ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Walowezi waliozungumza Kihispania walifika New Mexico mwaka 1598, wakazikuta huko lugha za wenyeji wa asili ambazo nazo zilionja ubabe wa Kihispania. Mpaka wa leo ulikuja miaka 250 baadaye, ukawakuta wajukuu wao wamekaa.

Texas ilijitenga na Meksiko mwaka 1836 na kujiunga na Marekani mwaka 1845. Vita vilivyofuata vilimalizwa na Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1848, ambao kwa dola milioni 15 uliipokonya Meksiko sehemu kubwa ya ardhi yake ya kaskazini. Mkataba ule uliwapa wakazi mwaka mmoja wa kuchagua uraia, ukaahidi kulinda mali zao, uhuru wao na dini yao. Kuhusu lugha haukusema neno. Ukimya huo si jambo dogo, kwani kila jimbo liliachiwa kuujaza kwa namna lilivyopenda.

Kisa cha mji wa Mesilla chatosha kuonyesha jinsi watu walivyovukwa na mpaka. Baada ya mwaka 1848, baadhi ya familia zilihamia ng'ambo ya Rio Grande kwa makusudi, ili zibaki katika ardhi ya Meksiko. Miaka michache baadaye, kwa makubaliano ya Desemba 1853 yaliyothibitishwa mwaka 1854, Marekani ilinunua eneo hilo pia kwa dola milioni 10. Waliokuwa wameikimbia bendera wakaiona ikipandishwa katika uwanja wao. Mwanafunzi anayejua jinsi Waingereza na Wajerumani walivyopiga mstari mwaka 1886 kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria, wakawagawa Wadigo na Wamaasai, hatahitaji kuelezwa zaidi.

California ilianza kwa ukarimu. Katika mkutano wa katiba uliofanyika Monterey mwaka 1849, wajumbe 8 kati ya 48 walikuwa wenyeji waliozungumza Kihispania, na katiba iliyotungwa iliagiza kwamba sheria zitangazwe kwa lugha zote mbili. Hata jina la hakimu lilikuwa bado la zamani: Wamarekani wenyewe walishika kazi ya *alcalde* katika miaka ile ya utawala wa kijeshi. Neno hilo Wahispania walilipata kwa Waarabu, nalo ni ndugu wa damu wa neno *kadhi* la Kiswahili. Lakini dhahabu ilikuwa imekwisha gunduliwa Januari 1848, na mafuriko ya wageni yakawameza wenyeji. Katiba mpya ya mwaka 1879 ilikifuta Kihispania katika shughuli za serikali. Ukarimu ule ulidumu miaka 30 tu.

New Mexico ilikwenda njia nyingine, na ndiyo inayostahili kuchunguzwa zaidi. Tarehe 9 Septemba 1850, siku ileile ambayo California ilikubaliwa kuwa jimbo, New Mexico ilifanywa eneo la kutawaliwa kutoka Washington. Ilisubiri miaka 61 na ushei. Sababu zilikuwa nyingi, lakini lugha ilikuwamo. Mwaka 1902 Seneta Albert Beveridge aliongoza kamati ndogo iliyozuru huko, ikawahoji watu kuhusu wakalimani wa mahakama na lugha ya shuleni; taarifa yake ikapinga ombi la eneo hilo. Mwaka 1906 wapiga kura waliulizwa kama New Mexico na Arizona ziunganishwe kuwa jimbo moja. New Mexico ilikubali. Arizona, iliyoogopa kuzidiwa na wasemaji wa Kihispania, ilikataa.

Sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1910 iliyofungua mlango iliweka sharti kwamba shule ziendeshwe kwa Kiingereza. Wajumbe wa mkutano wa katiba, karibu theluthi moja yao wakiwa Wahispania wa kuzaliwa huko, waliitikia kwa werevu. Waliandika kwamba haki ya kupiga kura, kushika madaraka na kuketi mahakamani pamoja na raia wengine kuamua kesi haitazuiwa kamwe kwa sababu ya kutojua Kiingereza au Kihispania. Waliagiza walimu wafundishwe lugha zote mbili, na watoto wa asili ya Kihispania wasitengwe shuleni. Kisha wakavifunga vifungu vikuu kwa kufuli: havingebadilishwa bila kura tatu kwa nne za jimbo zima na mbili kwa tatu za kila wilaya. New Mexico ikawa jimbo tarehe 6 Januari 1912.

Kwa majimbo mengine mawili maneno machache yanatosha. Texas mwaka 1918 ililifanya kuwa kosa la jinai kwa mwalimu kufundisha kwa lugha isiyo Kiingereza. Arizona ilipitisha kifungu cha Kiingereza pekee mwaka 1988, Mahakama ya Juu ya jimbo ikakibatilisha mwaka 1998, wapiga kura wakakirudisha kwa sura nyingine mwaka 2006. Ukiitazama ramani, jiografia haielezi tofauti hizi. Majimbo yote manne yamegusana na jirani yuleyule. Kinachoeleza ni hesabu ya vichwa siku katiba ilipoandikwa. New Mexico peke yake iliandika katiba yake wakati wasemaji wa Kihispania wangali wengi kiasi cha kusikilizwa.

Hata hivyo, kifungu cha katiba si mama wa mtoto. Aurelio Espinosa, aliyeanza kuchapisha uchunguzi wake wa Kihispania cha New Mexico mwaka 1909, alikuta humo maumbo ya kale kama *asina* na *truje*, yaliyokwisha kuachwa na lugha sanifu. Baadaye watoto wa jimbo hilohilo waliadhibiwa shuleni kwa kukisema Kihispania, na lahaja ile ikaanza kuponyoka vinywani mwa vijana. Garland Bills na Neddy Vigil walipochapisha atlasi yake mwaka 2008, wasemaji wake hodari walikuwa wazee. Tarehe 1 Machi 2025 amri ya Rais ilikitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani. Kifungu cha mwaka 1912 hakikuguswa, na mahakama za New Mexico bado huwaandalia wakalimani raia wanaoitwa kuamua kesi bila kujua Kiingereza.