Buriani Pijo ya Temeke

Mwaka 1996 niliagana na gari langu aina ya Peugeot 504, ambalo pale mtaani kwetu Temeke kila mtu aliliita Pijo. Nilikuwa nimelinunua mwaka 1977 kwa mfanyakazi mwenzangu aliyehamishiwa mikoani. Miaka 19 si haba. Zipo ndoa ambazo hazikufika huko.

Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa kwa nini Peugeot. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Peugeot 404. Mwaka 1975 zamu ikawa ya 504 yenyewe. Tulijiambia kwamba gari lililostahimili tope na makorongo ya Safari haliwezi kushindwa na mashimo ya Temeke. Na kweli halikushindwa. Kilicholitesa ni njaa ya petroli.

Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni zilizokuwapo. Magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Vipuri viliadimika hata fundi akawa anakata gasketi kutoka kwenye maboksi. Shirika la UDA, lililoundwa mwaka 1974, lilikuwa na mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, tuliyoyaita kumbakumba, lakini mengi yaliishia kulala yadi. Watu walipanda magari ya watu binafsi, yale ya chai maharage, yaliyobeba abiria kwa kujificha mpaka yaliporuhusiwa mwaka 1983. Ndipo likaenea jina la daladala, kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi tano, yaani dala.

Katika siku hizo, mwenye gari mtaani hakuwa mwenye gari peke yake. Ukisikia hodi usiku wa manane, ulijua kuna mzazi wa kupelekwa Muhimbili, au mzee aliyezidiwa. Nilikuwa navaa shati ngazini. Watoto saba wa mtaa wetu waliwahi hospitali kuzaliwa kwa sababu ya gari lile, na binti yetu wa kwanza ni mmoja wao.

Lakini upo usiku mmoja wa mwaka 1982 ambao sijausahau. Jirani yangu alibisha hodi, mtoto wake ana degedege. Nikachukua ufunguo, nikakumbuka kwamba tanki ni tupu. Mchana ule nilikuwa nimeimalizia petroli kwenda harusini Kinondoni, harusi ambayo ningeweza kuiendea kwa miguu na basi kama watu wengine. Nilimwambia ukweli. Akambeba mwanawe begani, nami nikamfuata kwa miguu. Hatukuwahi.

Jirani hakunilaumu hata siku moja. Alisema ni kazi ya Mungu, na kesho yake tukazika. Lakini tangu siku ile niliweka dumu la lita tano za petroli nyumbani. Mama watoto alilalamika kwamba nitawaunguza wote, na alikuwa na haki. Sikuliondoa.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje, na miaka ya tisini magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na sheria yao ya ukaguzi wa magari huwafanya wengi kuuza gari kabla halijachakaa. Pijo yangu, kwa upande wake, ilikuwa imeliwa na kutu ya upepo wa bahari. Ukiinua zulia la miguuni, uliiona barabara.

Fundi mmoja wa Gerezani alikuja kuichukua. Alikuwa na pikapu ya 504 iliyobeba mihogo kutoka Mbagala, akataka injini tu. "Shikamoo mzee," akasema, "injini hii bado kijana." Bodi ilikwenda kwa wapima vyuma chakavu.

Walipokuwa wanaifunga kamba kuivuta, jirani yangu alitoka kwake. Akaweka mkono juu ya boneti, akakaa kimya kidogo. "Jirani," akasema, "gari hili lilitubeba." Alisema lilitubeba, naye ndiye ambaye halikumbeba. Nilishindwa kumjibu. Tulisimama pale mpaka gari lilipokata kona.

Nilinunua Toyota Corolla nyeupe. Iliwaka kwa ufunguo mmoja, wala hakuhitajika mtu wa kusukuma. Lakini hodi za usiku zilipungua, kisha zikakoma. Teksi ziliongezeka, zikaja bajaji na bodaboda, na tangu mwaka 2016 jiji lina mabasi ya mwendokasi. Sizililii siku zile. Ni heri mtoto mwenye homa asitegemee tanki la mtu mmoja.

Hata hivyo, mpaka leo silazi gari lenye mafuta chini ya nusu tanki. Wanangu hunicheka, na mimi huwaacha wacheke.